Kabla Hujanunua Mashine ya Kukamulia Mbuzi

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia katika banda la mbuzi. Huenda wapo watakaoona kuwa hayo ni mambo ya bwana mifugo na siyo ya afya. Sisi hatuoni hivyo. Kikombe cha maziwa anachokunywa mtoto asubuhi huanza kuwa salama au kuwa na madhara kwenye chuchu ya mnyama, kabla hakijafika jikoni. Tena wafugaji wengi siku hizi wanauliza habari za mashine ya kukamulia, wakitumaini kwamba itawapa maziwa mengi zaidi na safi zaidi kuliko mkono. Inafaa tuliangalie jambo hili kwa utulivu kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Wanaoishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Ilboru na Sokon hadi Poli, Akeri na Nkoaranga, wanajua jinsi vihamba vilivyozidi kuwa vidogo. Penye migomba na kahawa hapana nafasi ya kuchungia. Ng'ombe wa maziwa anahitaji mizigo ya majani kila siku, ambapo mbuzi mmoja au wawili wanaweza kutunzwa na mama mwenye shamba dogo kwa majani ya kukata, maganda ya ndizi na pumba kidogo. Ndiyo maana miradi ya mbuzi wa maziwa ilipata wafuasi katika nchi yetu: Chuo Kikuu cha Sokoine kwa ushirikiano na Wanorwe kule Mgeta, katika milima ya Uluguru, tangu miaka ya 1980, shirika la FARM-Africa lililoleta mbuzi aina ya Toggenburg Babati, na shirika la Heifer, ambalo desturi yake ni kwamba aliyepewa mnyama hutoa mtoto wa kwanza wa kike kwa jirani. (Msomaji akisikia habari za mbuzi wa maziwa wa Meru upande wa Kenya, ajue kuwa hiyo ni Meru nyingine, iliyo chini ya Mlima Kenya. Nako Toggenburg walienea sana.)

Mbuzi wa kienyeji akimnyonyesha mwanawe hubakiza maziwa kidogo tu ya kukamua. Chotara aliyelishwa vizuri anaweza kutoa lita 1 hadi 2 kwa siku. Hapo ndipo ukamuaji unapokuwa kazi ya kweli, na hapo ndipo makosa yanapoanza kugharimu.

KIWELE CHA MBUZI SI CHA NG'OMBE

Jambo la kwanza la kuelewa ni jinsi maziwa yanavyokaa ndani ya kiwele. Maziwa hutengenezwa katika vifuko vidogo sana vilivyo juu, kisha hushuka kwenye uwazi ulio juu ya chuchu, kama maji yanavyoshuka kwenye tangi. Kwa ng'ombe, robo tu au karibu na hapo ya maziwa huwa tayari imeshuka wakati wa kukamua. Yaliyobaki hungoja mnyama apapaswe na kutulia ndipo yaachiwe. Kwa mbuzi wa maziwa ni kinyume. Zaidi ya nusu, na mara nyingi kama robo tatu, huwa yameshuka tayari na yanakusubiri.

Kutokana na hayo yanafuata mambo mawili. La kwanza, mbuzi hukamuliwa upesi, na haitaji kusuguliwa kiwele muda mrefu kabla ya kuanza. La pili, maziwa yakisha chuchu hubaki tupu mapema. Na kama mashine bado inavuta, inavuta nyama. Mtu anayekamua kwa mkono huhisi kwamba chuchu imelegea, akaacha. Mashine haihisi. Chuchu inayovutwa tupu kila siku huvimba na kuwa ngumu kwenye ncha, tundu lake halifungi vizuri, na vijidudu hupata mlango. Tukiulizwa ni kosa gani kubwa la mashine, tutataja hilo kabla ya yote.

Lakini hata kwa mbuzi ile robo iliyobaki juu ni muhimu, kwa kuwa ndiyo yenye mafuta mengi. Mbuzi aliyepigwa, aliyetishwa na mbwa au aliyeshikwa na mtu mgeni huizuia. Kwa hiyo anayekamua awe yule yule, saa ziwe zile zile, kwa mfano saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na mbuzi awekewe chakula kidogo mbele yake. Kijukwaa cha mbao chenye kishikio cha shingo, kilichoinuliwa kufikia magoti ya mkamuaji, husaidia kuliko watu wanavyodhani: mgongo wa mama unapumzika, mbuzi hachezi, na ndoo haipigwi teke. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kununua.

KUKAMUA KWA MKONO

Wengi hukamua kwa kuvuta chuchu kutoka juu hadi chini kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Njia hiyo humuumiza mnyama na kurefusha chuchu. Njia njema ni kubana: gumba na shahada hufunga chuchu pale juu inapoungana na kiwele, ili maziwa yasirudi, kisha vidole vingine hufunga kimoja kimoja kwenda chini, maziwa yatoke. Mkono haushuki. Kwa mbuzi mwenye chuchu fupi, vidole vitatu vinatosha.

Mikono inawe kwa sabuni, kucha ziwe fupi. Chuchu zifutwe kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kila mbuzi na kitambaa chake, kisha zikaushwe. Usimwagie kiwele kizima maji: maji machafu yatateremka hadi kwenye ncha ya chuchu na kuingia katika maziwa. Hapa tuseme pia juu ya maji yetu. Chemchemi nyingi za mlima huu zina floridi nyingi, ndiyo maana meno ya watu wengi wa huku ni ya kahawia. Kwa kuosha ndoo na vitambaa maji hayo hayana neno. Kwa kunywa ni habari nyingine, na ikumbukwe kuwa kuchemsha, kunakoua vijidudu, hakuondoi floridi.

Michirizi miwili mitatu ya kwanza ya kila chuchu ikamuliwe katika kikombe chenye kitambaa cheusi juu yake, siyo chini sakafuni na wala siyo kiganjani. Ukiona vibonge, nyuzi, damu au maji maji, kiwele kinaumwa. Linganisha pia pande mbili za kiwele kwa mkono: upande mmoja ukiwa wa moto au mgumu kuliko mwingine, usingoje. Na kama kiwele kimekuwa cha baridi na rangi ya bluu, mbuzi huyo yuko hatarini kufa. Mtafute afisa mifugo siku hiyo hiyo. Wale wanaotumia ile dawa ya kupimia maziwa ya ng'ombe, inayofanya maziwa yenye ugonjwa yagande kama ute, wajue kuwa maziwa ya mbuzi mzima nayo huweza kuonyesha ute kidogo. Kinachotakiwa kutiliwa mashaka ni tofauti kati ya chuchu ya kulia na ya kushoto.

Tuna neno pia juu ya mafuta ya kukamulia. Kopo moja, vidole vilevile, mbuzi watano: hiyo ni njia ya hakika ya kugawa ugonjwa wa kiwele kwa banda zima. Kama ni lazima kuyatumia, yachotwe kwa kijiko kisafi na kupakwa baada ya kukamua. Desturi ya kulowesha vidole katika maziwa ili viteleze iachwe kabisa.

Baada ya kukamua, chuchu zichovywe katika dawa ya iodini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kisha mpe mbuzi majani mapya ili asimame kama nusu saa, kwa kuwa tundu la chuchu huchukua muda kufunga, na mbuzi anayelala mara moja kwenye samadi huukaribisha ugonjwa. Wakamuliwe kwanza wale wachanga na wenye afya, na mgonjwa awe wa mwisho.

SASA MASHINE

Mashine ndogo ya ndoo ina pampu inayotoa hewa, ndoo yenye mfuniko, vikombe viwili vya chuchu vyenye mipira ndani, na palseta, yaani kile kifaa kinachopokezanisha kunyonya na kupumzika. Kupumzika huko ndiko kunakoiachia damu nafasi ya kuzunguka kwenye chuchu. Bila hivyo chuchu ingevimba katika dakika chache.

Shida ni kwamba mashine nyingi zimekusudiwa ng'ombe. Kwa ng'ombe palseta hupiga karibu mara 60 kwa dakika, na mvuto wa hewa huwa kama kilopaskali 42 hadi 50. Kwa mbuzi mvuto uwe mdogo zaidi, kama kilopaskali 35 hadi 40, na mapigo yawe mengi zaidi, kama 90 kwa dakika. Vikombe navyo viwe vya mbuzi. Muuzaji akikuambia kuwa ni ile ile tu, ukazane kidogo, mwombe akuonyeshe geji na namna ya kuirekebisha. Mashine isiyo na geji usiichukue hata ukipunguziwa bei. Mapigo ya palseta unaweza kuyahesabu mwenyewe kwa sikio na saa ya mkononi.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Matayarisho ya chuchu ni yale yale tuliyoyataja. Mashine haiyapunguzi hata moja. Vikombe vivikwe bila kuvuta hewa ya nje, maana hewa inayoingia kwa ghafla hurusha matone ya maziwa kurudi ndani ya chuchu pamoja na vijidudu. Mbuzi humaliza kwa dakika 2 au 3 hivi. Maziwa yakianza kuwa uzi mwembamba, funga mvuto kwanza, ndipo uvue vikombe. Kuvua kwa nguvu huku mashine inavuta ni kumwumiza mnyama, na siku ya pili atakataa kupanda jukwaani. Umeme ukikatika katikati, vua na umalize kwa mkono. Kwa hiyo anayenunua mashine asisahau kufundisha watoto wake kukamua.

Mashine ikitumiwa hivyo hufanya kazi njema. Lakini ioshwe kila mara, asubuhi na jioni, siyo mara moja kwa siku. Kwanza ipitishwe maji ya uvuguvugu mara tu baada ya kukamua, maana maji ya moto sana mwanzoni hugandisha maziwa kwenye mpira. Halafu maji ya moto yenye sabuni ya vyombo vya maziwa, pamoja na brashi ndefu inayofika ndani. Halafu maji safi, na vifaa vining'inizwe midomo ikielekea chini vikauke. Mipira ya ndani ina umri wake. Kwa kawaida mpira wa ng'ombe hubadilishwa baada ya kukamua mara 2,500 hivi, au baada ya miezi 6, lolote litangulialo. Mwenye mbuzi 4 hukamua mara 8 kwa siku, kwa hiyo miezi 6 itapita kabla hajafikia hesabu hiyo. Asidanganyike kuwa mpira bado ni mzima kwa kuwa haujafanya kazi sana. Mpira hupasuka nyufa ndogo, na katika nyufa hizo vijidudu hujificha hata sabuni isivifikie.

Tupige hesabu ya muda. Mama mwenye mbuzi 3 huwakamua kwa mkono kwa dakika 15 hivi. Akiwa na mashine atawamaliza kwa dakika 8 au 9, lakini ataosha na kuning'iniza kwa dakika 20. Amepoteza muda, maji ya moto na kuni. Mwenye mbuzi 10, ambaye mikono yake inauma viungo kila jioni, hesabu yake ni tofauti. Sisi tungesema chini ya mbuzi 8 mashine haina faida, isipokuwa kwa mtu ambaye mikono yake haiwezi tena. Wafugaji majirani wanaweza kununua moja kwa pamoja ikiwa mbuzi wataletwa mahali pamoja. Lakini mashine inayotembea kutoka banda hadi banda bila kuoshwa itatembea pamoja na magonjwa.

MAZIWA YAKISHATOKA

Yachujwe kwa kitambaa kilichochemshwa, kisha yachemshwe hadi yapande. Chombo cha chuma au alumini kinachosuguliwa ni bora kuliko plastiki yenye mikwaruzo. Tunajua kwamba kwa wazee wetu Waarusha na Wameru maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi ni chakula cha heshima, na ladha yake hakuna anayeikataa. Moshi huzuia baadhi ya vijidudu na kuchacha huzuia vingine, lakini vile vya hatari zaidi huweza kupona katika vyote viwili. Anayependa mtindi achemshe maziwa kwanza, ayapoze, ndipo ayagandishe kwa mtindi kidogo wa jana.

Kuhusu watoto wachanga tusisitize: mtoto aliye chini ya miezi 6 ni wa maziwa ya mama peke yake. Wapo wanaosema ya mbuzi ni mepesi, yanafanana na ya mama. Hayafanani. Yana chumvi na protini nyingi kupita uwezo wa figo za mtoto mchanga, na yana upungufu mkubwa wa asidi ya foliki, hata mtoto aliyelelewa kwa hayo tu huweza kupungukiwa damu. Kama mama amefariki au hana maziwa, kituo cha afya kiulizwe kabla ya jirani.

HOMA ISIYOISHA

Tumeiacha kwa mwisho sababu iliyotufanya tuandike. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, ambaye baadaye alikuja Uganda kuchunguza ugonjwa wa malale, aligundua katika kisiwa cha Malta kijidudu cha homa iliyokuwa ikiwaangusha askari. Ilikuwa hadi mwaka 1905 ndipo daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipoonyesha kuwa kinatoka kwa mbuzi. Mbuzi hao walionekana wazima kabisa. Askari walipokatazwa maziwa mabichi, homa ilipungua sana kati yao. Ugonjwa huo ndio bruselosi, tunaouita kwa kawaida ugonjwa wa kutupa mimba.

Hayo siyo ya Malta tu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa sababu ya homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi, kilometa kama 80 tu kutoka Arusha mjini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Wagonjwa 528 walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Miongoni mwa wengine walikutwa wagonjwa wa bruselosi, wa homa ya Q na wa magonjwa mengine ya kutoka kwa wanyama. Tufikirie maana yake: mtu anameza dawa ya malaria, homa inatulia kidogo, inarudi, anameza tena, miezi inapita, mgongo na viungo vinauma, usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, wanaume wengine wanavimba korodani. Nyumbani wanasema amerogwa au ni mvivu. Wakati huo huo mbuzi yule yule anakamuliwa kila asubuhi.

Kwa hiyo ukienda zahanati na homa, usingoje kuulizwa. Sema: "Mimi nafuga mbuzi, ninakamua, na nyumbani tumekunywa maziwa mabichi," kama ndivyo ilivyo. Sema pia kama mbuzi ametupa mimba karibuni. Maneno hayo humfanya mganga afikirie kipimo kingine. Bruselosi inatibika, lakini dawa zake ni za aina mbili kwa pamoja na kwa kawaida huchukua wiki 6. Anayeacha wiki ya pili kwa kuwa amepata nafuu huugua upya. Waliokunywa maziwa ya mbuzi huyo huyo na wana dalili nao wapimwe.

Na banda je? Mbuzi akitupa mimba, au akizaa, usishike kondo la nyuma wala mtoto aliyekufa kwa mikono mitupu. Vaa mifuko ya nailoni mikononi kama glavu hazipo. Mwanamke mwenye mimba asiikaribie kazi hiyo kabisa. Kondo lichomwe au lifukiwe chini sana mbwa wasifukue. Afisa mifugo aitwe achukue damu ya mbuzi, na hadi majibu yarudi maziwa yake yasiuzwe. Mbuzi mwenye bruselosi hatibiwi. Huondolewa kundini, na hilo ni jambo chungu kwa mtu mwenye mbuzi wawili. Vilevile mbuzi aliyepigwa sindano au kuwekewa dawa ya kiwele, maziwa yake yamwagwe kwa siku zote zilizoandikwa kwenye boksi la dawa, zikihesabiwa tangu dozi ya mwisho na siyo ya kwanza. Ukilitupa boksi, muulize aliyekuuzia, na uandike tarehe kwa chaki kwenye mlango wa banda, ili hata mtoto anayekamua siku baba au mama hayupo aione.